Ishara Iliyongoja Mlangoni

Mwaliko wa kuganduka kwa Mwalimu Deo ulinifikia kwa simu, mchana, nikiwa jikoni nachambua maharage. Aliyepiga ni mwanawe mkubwa. Kwa asiyejua desturi zetu za Burundi, kuganduka ni siku ya kuvua msiba: mwaka unakaribia kutimia tangu mazishi, ukoo unakusanyika, watu wanakula, na msemaji wa familia anasimama kuuliza kama kuna yeyote mwenye neno na marehemu, alitoe leo, maana baada ya leo msiba umefungwa. Mwanawe aliniomba niseme maneno machache mazuri, mimi niliyekuwa mwanafunzi wa kwanza wa baba yake pale Rumonge. Nikakubali haraka, kama ninavyokubali mambo mengi. Halafu akaanza kutaja watakaokuja, na katikati ya majina akamtaja Mama Shukuru. Mkono wangu ukabaki ndani ya maharage. Kuna neno moja ambalo ningepaswa kumwambia mama huyo tangu zamani, kabla sijaolewa, kabla sijafika umri huu wa kuitwa shangazi na wanaume wenye ndevu. Sikumwambia. Mwalimu alilibeba yeye, akafa nalo.

Ya kwetu nyumbani nayaacha, walionizaa hawahusiki. Naanza na chumba. Kilikuwa uani kwa Mama Shukuru, karibu na bandari ya Rumonge, safu ya pili kutoka majini. Mwaka ule mvua zilikuwa zimelijaza ziwa hata safu ya kwanza ya nyumba ikahamwa. Nyumba iliyokuwa mbele yetu ilisimama tupu, maji yamefika madirishani, na mlango wake wa chumba cha ndani hakuna aliyekumbuka kuung'oa. Wimbi dogo likiingia, mlango ulifunguka na kujifunga taratibu, kama mtu anayepita akichunga asiwaamshe waliolala. Tuliusikia kutwa. Mgeni akija aliuliza, "Mule kuna mutu?" Tukamwambia hakuna. Baada ya muda anauliza tena. Chumbani kwetu kulikuwa na meza mbili, kompyuta mbili kuukuu, betri ya gari iliyochajiwa kwa sola, na harufu ya mawese kutoka stoo ya jirani. Ukuta uliotutenga na sebule ya Mama Shukuru haukufika darini, kwa hiyo lililosemwa upande mmoja lilikuwa mali ya pande zote mbili.

Mwalimu Deo alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, amerudi kutoka ukimbizini Tanzania, Mkristo asiyekosa kanisa, mwenye Kiswahili kilichonyooka mpaka mtaa mzima ukawa unamwigiza. Mimi nilikuwa Zaituni wa mtaa wa Waswahili, miaka ishirini na moja, na diplome ya enformatike niliyoipata shuleni nikiwa nimegusa kompyuta mara nne. Yeye alishirikiana kwa barua pepe na watu wa mbali wanaotengeneza programu za bure, na kazi yetu ilikuwa kuzijaribu kabla hazijatoka. "Hapa tunalipwa kwa kutoamini," aliniambia siku ya kwanza. Kwenye daftari tulichora safu mbili: Tulichotarajia, Tulichoona. Safu ya kwanza ilitakiwa ijazwe kabla ya kubonyeza chochote. Nilimwona mtu wa ajabu. Nani anaandika anachotarajia? Kwetu mtu hutarajia kimoyomoyo, ili mambo yakienda kombo aseme alijua tangu mwanzo.

Mwaka ule tulipewa chombo kimoja kidogo cha kuandikiwa amri kwenye kioo cheusi, hakina picha wala vitufe. Nitakieleza kwa lugha ya nyumbani. Programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta unaweza kuipelekea ishara. Ishara namba kumi na tano ni ombi la kistaarabu: maliza shughuli zako, andika unachotaka kuandika, ufe. Namba tisa si ombi, ni panga. Hakuna programu inayoweza kuizuia tisa, na ikipigwa haipati hata nafasi ya kuhifadhi ilichoshika mkononi. Mwalimu alipiga marufuku tisa chumbani mwake. Chombo chetu kiliweza kuanzisha programu ikiwa imeshazibwa masikio, isisikie ishara ulizochagua, na sisi tulitakiwa kuthibitisha kwamba imezibwa kweli. Tukaanza na kiprogramu cha kuhesabu sekunde. Nikakiziba masikio kwa kumi na tano, nikakipelekea kumi na tano. Kikaendelea kuhesabu. Nikatuma mara kumi. Kikahesabu. Mwalimu akafungua ukurasa ambamo kompyuta huandika hali ya kila programu iliyo hai, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, wa ishara zinazosubiri.

"Unaiona? Haikupotea," alisema. "Imefika, imekaa mlangoni."

Na zile mara kumi zote zilikuwa zimekuwa moja. Tulikiacha siku tatu. Nilifika asubuhi na kukikuta kinahesabu, kifo chake kimekaa pembeni yake tangu juzi, nacho hakina habari. Sikupenda kukaa nacho peke yangu. Siku ya tatu Mwalimu akakizibua masikio, bila kutuma kitu kipya, nacho kikafa palepale, katikati ya hesabu. Kisha tukajaribu watoto, maana programu huzaa programu nyingine. Tukaona kwamba mtoto harithi ishara zinazomngoja mzazi, lakini uziwi anaurithi wote. Nililiandika hilo kwa mkono wangu mwenyewe kwenye daftari, safu zote mbili.

Kando ya majaribio tulikuwa na programu yetu wenyewe, na hiyo ndiyo iliyotufanya tuheshimiwe bandarini. Kule Kigwena, pembeni ya msitu, Mwalimu alisimamisha nguzo yenye vikombe vya kupimia upepo. Kila siku saa kumi alasiri programu ilisoma vikombe na kupeleka ujumbe kwenye simu za manahodha, kuanzia Rumonge hadi Kabonga. Ulianza kwa salamu yetu ya Kirundi, amahoro, yaani amani: ama ulisema, "Amahoro. Leo ziwa iko tulivu," ama ulisema, "Amahoro. Leo musitoke." Siku isiyo na ujumbe, hakuna aliyetoka. Ulikuwa haujakosea hata mara moja, na manahodha waliozeeka wakisoma mawingu walianza kusoma simu. Mmoja wao alikuwa Baba Shukuru, mume wa mwenye nyumba, jina lake Ramazani. Simu yake aliiweka ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha, akalifunga kwa kamba kiunoni kila alipoingia majini. "Hii ndiyo ofisi yangu," alisema akiligonga.

Nilikuwa nakula kwao kila mchana. Ugali wa muhogo, samaki wa mukeke wa kukaanga au ndagala, yaani dagaa, zilizopikwa kwa mawese, mchicha wa lengalenga, pilipili ya kusaga pembeni. Binti yao Shukuru alikuwa ameolewa Nyanza-Lac, na mama yake alikuwa na mikono iliyozoea kupakulia watoto, kwa hiyo sahani ya Shukuru ikawa yangu. Alikuwa na sheria moja. Chakula kikiitwa, unakuja. Haitwi mtu mara mbili, kwa sababu anayeitwa mara mbili kwenye chakula amesema hicho chakula si kitu. Nimekulia katika sheria hiyohiyo, na mpaka leo nikiita wajukuu zangu wa mbali wanaokuja likizo wakajibu "subiri kidogo," nahisi nimepigwa kofi.

Ilikuwa Jumatano. Mwalimu alikuwa amekwenda Bujumbura kutafuta betri. Karibu saa nane mchana mlinzi wa Kigwena akanipigia.

"Dada Zaituni, nyani zimevunja ile kitu yenu ya upepo. Bikombe biko chini."

"Vyote?"

"Byote, dada. Moja nyani ameenda nayo ku muti."

Nilicheka kwanza. Kisha nikaelewa. Bila vikombe, upepo unasomeka sifuri, na sifuri kwa programu yetu maana yake ni ziwa tulivu. Nikampigia Mwalimu, rezo hakuna, simu haipatikani. Nikafikiri, si tatizo, nitaizima. Nikaitafuta programu kwenye orodha, nikaipelekea kumi na tano, kwa adabu, kama nilivyofundishwa. Kioo hakikusema kitu. Kwa kawaida amri ile haisemi kitu, na Mwalimu alikuwa amenisisitizia hata kuchosha: ukishatuma, rudi kwenye orodha uangalie kama imekufa kweli. Lakini mimi nilikulia mahali ambapo binti akiulizwa posa akanyamaza, sheikh anaandika kwamba amekubali. Kimya kwangu kilikuwa jibu. Na nikiwa bado nimeweka vidole kwenye vitufe, sauti ikapita juu ya ukuta: "Zaituni! Chakula!" Nikainuka, nikaenda.

Mchana ule mvua ilinyesha kidogo ikakata, tukakaa sana. Nilimsaidia Mama kuosha vyombo, tukarudi kukaa mkekani, Baba Shukuru akisimulia habari za nahodha mmoja wa Gatete aliyeogopa kiboko ambaye kumbe ni mtumbwi uliopinduka. Upande wa pili mlango wa nyumba ya maji uliendelea kufunguka na kujifunga. Saa kumi, kopo likalia. Alizungusha kifuniko, akasoma, akakunja uso.

"Zaituni, masini yenu inasema ziwa iko tulivu. Ni kweli hiyo? Mugongo yangu inaniambia kitu ingine."

Nimeishi na sekunde zile kuliko nilivyoishi na miaka mingine mizima. Jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba haiwezekani, programu nimeiua. La pili, basi Mwalimu amepata njia ya kuirekebisha akiwa Bujumbura. La tatu ndilo la kweli, na ndilo lililonifunga mdomo: nikisema niliizima ikakataa, watanicheka, binti wa diplome anayeshindwa kuzima masini. Niliona aibu. Ni hiyo tu.

"Ikisema, imesema, Baba," nikajibu.

Akacheka. "Umesikia, mama Shukuru? Mutoto ameongea." Akafunga kopo, akatoka na kamba yake.

Dhoruba siisimulii, nilikuwa ndani, nikaisikia kwenye mabati kama kila mtu. Asubuhi mabaharia wake watatu waliletwa na chombo cha watu wengine, wakiwa wamechubuka mikono kwa kung'ang'ania ubao. Wakasema nahodha alikuwa nao, kisha hakuwa nao. Walitazama chini wakisema hivyo, kana kwamba ni wao waliomweka mahali wakasahau.

Mwalimu alifika kwa gari la asubuhi hiyohiyo, habari zikiwa zimemkuta njiani. Nilikuwa nimeshakaa mbele ya kompyuta. Programu ilikuwa hai. Kwenye mstari wa ishara zinazosubiri, kumi na tano ilikuwepo, imekaa. Ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeshakumbuka: siku mbili kabla, niliongeza namba za manahodha watatu wa Kabonga, nikaiwasha programu upya, na kwa uvivu nikaiwashia kwenye dirisha lilelile la majaribio, ambalo nilikuwa nimelianzisha kwa chombo chetu likiwa limezibwa masikio. Kila kilichozaliwa mle kilizaliwa kiziwi. Mwalimu alisimama nyuma ya kiti changu, akasoma.

"Hii iliwashwa wapi?"

Nikajifanya nasoma kioo.

"Zaituni. Nani aliiwasha?"

"Sijui, Mwalimu."

Akanyoosha mkono juu ya bega langu, akabonyeza kitufe cha mshale unaoangalia juu. Kompyuta hukumbuka amri ulizoiandikia. Zikapanda moja baada ya nyingine, zote zangu, hata ile ya Jumatatu. Akaacha kubonyeza. Hakuniangalia. Akatoka, nikamsikia akivua viatu mlangoni kwa Mama Shukuru, na kile kilio cha wanawake kikapungua ili mgeni aseme.

"Mama, ile mashine ni kazi yangu," sauti yake ilipita juu ya ukuta. "Mimi ndiye niliyesafiri nikaiacha ikisema uongo. Sikuikagua."

"Wewe?"

"Mimi, mama."

"Zaituni alikuwa hapa. Alikula hapa."

"Zaituni hakujua kitu."

Nilikuwa nimefungua mdomo. Ukuta haukufika darini. Neno moja tu, hata la kunong'ona, lingepita. Nikaufunga. Aliporudi nilikuwa nalia, akakaa, akasubiri nimalize, kisha akasema kwa sauti ya chini sana, maana alijua ukuta wetu: "Mimi nimehama mara tatu maishani. Wewe unaishi hapa." Hatukulizungumza tena. Wengine watasema alinifanyia wema mkubwa. Nami nilisema hivyo kwa miaka, hasa nilipotaka kulala.

Siku ya tatu, saa kumi, Mama Shukuru aliingia chumbani kwetu. Alikuwa hajawahi kuingia. Aliniuliza mimi, si Mwalimu, kama namba ya mumewe bado imo. Programu yetu iliandika hali ya kila ujumbe mbele ya kila namba: imefika, au inasubiri. Ya Baba Shukuru ilisema inasubiri. Nikamsomea.

"Inasubiri," alirudia. "Basi hajakataa." Akavuta kigoda, akakaa akimpa Mwalimu mgongo. "Hii masini musiizime."

Hatukuizima. Mwalimu alisimamisha nguzo mpya Kigwena, akaandika programu mpya kwa ajili ya manahodha wengine, na ile ya zamani tukaifutia namba zote kwenye orodha isipokuwa moja. Iliendelea kusoma ile nguzo ya zamani isiyo na vikombe. Kwa hiyo kila siku, saa kumi kamili, yenyewe ikiwa na kifo chake mlangoni, ilimwandikia mtu aliyezama: Amahoro. Leo ziwa iko tulivu. Na kila siku Mama Shukuru alikuja kusikiliza jibu. Hakuwahi kumsalimia Mwalimu. Alipita mbele yake kama mtu anayepita mbele ya kabati. Mwalimu alisema "Amahoro, mama," kila siku, naye aliniuliza mimi, "Mwanangu, inasema nini?"

"Inasubiri, Mama."

"Haya. Njoo tule."

Alikuwa ameacha kupika mchana. Alipika baada ya saa kumi, na aliniita mimi tu. Nilikwenda. Alinipakulia mukeke sehemu ya tumbo, penye mafuta, iliyokuwa ya mumewe, na akaniangalia mpaka nimalize. Sheikh alituma watu kumwambia kwamba eda haiwezi kungoja kompyuta, ama anamhesabu mumewe amekufa aanze kuhesabu miezi yake minne na siku kumi, ama anangoja kwa utaratibu wa dini. Alisema anangoja. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba mule chumbani kuna jini linalomjibu. Mimi niliyeijua kila herufi ya ile programu nilianza kuogopa kuigusa. Kiangazi kikaja, ukungu wa vumbi ukafuta milima ya Kongo ng'ambo, ziwa likawa jeupe lisilo na mwisho, maji yakaanza kurudi nyuma, lakini ule mlango wa jirani, sasa umekaa kwenye tope, uliendelea kusikika alasiri. Mwalimu alikwenda kuuangalia. Akarudi akasema umekwama, hausogei. Tukaacha kuuzungumzia.

Siku jibu lilipobadilika tulikuwa wote watatu. Saa kumi, ujumbe ukatoka, nikaangalia kwa mazoea, na nilikuwa nimeshaanza kusema "Ina—" nikaliona neno jingine. Imefika. Ya leo. Kisha ya jana ikabadilika mbele ya macho yetu, imefika, na ya juzi, na nyingine nyuma yake, ujumbe wa siku zote za karibuni kwa mpigo. Mama Shukuru hakupiga kelele. Alitoa simu yake kwenye upindo wa kanga, akapiga, akaiweka wazi ili tusikie. Ikaita. Ikapokelewa. Kulikuwa na kuku, na maji yakipiga ufukwe, na mtu akipumua.

"Baba Shukuru?"

Pumzi.

"Ramazani. Ni miye."

"Amahoro, mama," ikasema sauti ya mwanamke, polepole. "Miye niko Kabonga. Simu tuliikuta mu kopo. Kopo ilikuwa imefungwa ku mutu. Mutu tulimuzika, mama, kitambo, hatukujua ni wa wapi. Kopo tukaogopa kuifungua, iko mu paa ya jikoni tangu ile siku. Leo ndugu yangu ameweka simu ku umeme. Mesaje zinaingia tu, zinaingia tu. Zote zinasema ziwa iko tulivu. Ni nani huyu anaziandika?"

Mama Shukuru aliilaza simu magotini. "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," alisema, akarudia. Akanigeukia. "Sasa muizime."

Nilimtazama Mwalimu. Akasogeza kiti chake nyuma. "Fanya wewe," alisema. Ilibidi niingie ndani ya programu kwa chombo cha kuifungulia ikiwa hai, niizibue masikio. Nikakosea mara mbili. Sikutuma ishara yoyote. Nilizibua tu, na programu ikafanya vile inavyofanya programu iliyoombwa kwa adabu: ikaandika daftari lake la siku zote zile, jina moja, ikafunga, ikafa. Ilikuwa ikitii amri yangu ya Jumatano ile, saa nane mchana. Mama Shukuru alidhani tumeizima sasa hivi. Nikamwacha adhani.

Mwisho wa mwaka Mwalimu alihamia Gatete, akafundisha, akaoza watoto. Ripoti yetu niliiandika mimi: jinsi mtoto anavyorithi uziwi, jinsi ishara inavyongoja. Watu wa mbali walishukuru, walisema ni kazi safi. Mimi nikabaki Rumonge, nikaendelea kula kwa Mama Shukuru mpaka nilipoolewa, na siku ya harusi yangu ndiye aliyenisimamia kama mama.

Sasa kuganduka. Uani kwa Mwalimu, Gatete, walikuwa wametandaza maturubai, watu wamekula wali na maharage na ndizi na nyama, waliokunywa bia wamekunywa, sisi wengine tuna Fanta zetu. Mama Shukuru alikaa upande wa wanawake, amekuwa mdogo, fimbo imelazwa mapajani. Nilikuwa na karatasi yenye maneno mazuri. Msemaji wa familia akasimama, akauliza kwa Kirundi, akarudia kwa Kiswahili kwa ajili yetu wa mjini: nani ana neno na marehemu, ambalo halijasemwa? Watu wakaangalia chini kama kawaida. Nikasimama. Karatasi niliikunja.

"Ninalo," nikasema. "Si la kumdai. Ni la kumvua mzigo. Siku aliyozama Baba Shukuru, ile programu niliiwasha mimi. Kosa lililoifanya isisikie nililifanya mimi. Mwalimu alikuwa Bujumbura, hakuiacha ikisema uongo. Na Baba aliniuliza mimi kama ni kweli ziwa limetulia, nikamwambia imesema. Mwalimu alijua. Akanibebea."

Mama Shukuru alinitazama, macho yake yana ukungu wa uzee.

"Rudia," alisema.

Nikarudia, neno kwa neno.

"Huyu mutu," akasema, "miaka yote nilikuwa ninapishana naye ku soko. Ananisalimia. Simujibu. Amegonjwa, akanitumia salamu, nikazirudisha."

"Ndiyo, Mama."

"Na weye ulikuwa unakula kwangu."

"Nilikula, Mama."

"Kila siku."

"Kila siku."

Alishika fimbo, akajiinua. Wanawake wawili wakanyanyuka kumsaidia, akawakatalia kwa mkono. "Kaburi iko wapi?" alimuuliza mwana wa Mwalimu. "Munipeleke nimusalimie." Walipita karibu nami kuelekea nyuma ya nyumba, kwenye michikichi. Kanga yake iligusa goti langu, hakugeuka. Kisha tukamsikia kule nyuma, kwa sauti kubwa ya mtu anayebisha hodi: "Amahoro, Mwalimu." Akanyamaza, kama anavyonyamaza mtu aliyesalimia na anangoja kuitikiwa. Alingoja muda mrefu sana.